Kupanda Kahuzi na watoto: anzia miguuni

Mimi ni fundi viatu. Meza yangu iko Nyawera, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, kando ya barabara, na kila mwaka shule zikikaribia kufungwa huja mteja wa aina moja: mzazi mwenye mfuko wa viatu vya watoto, anataka nivishone leo leo kwa sababu kesho wanaenda paki. Namuuliza, huko paki wapi? "Tunapanda Kahuzi." Na mdogo wao ana miaka mingapi? "Sita." Basi naweka msharasi chini, namvutia kibao akae, maana hapo shida si viatu tena.

Ninayomwambia ndiyo haya ninayoandika. Ninao watatu, msichana na wavulana wawili, na makosa karibu yote nitakayotaja hapa nimeyafanya mwenyewe, mengine mara mbili.

Tuanze na mlima. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kahuzi kiko mita 3,308. Gari linakufikisha Tshivanga, kwenye geti la Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, ambako tayari uko juu ya mita 2,000, kisha linakusogeza kidogo mpaka njia ya mlima inapoanzia. Kutoka hapo ni miguu tu, karibu mita elfu moja za kupanda: msitu, halafu mianzi, halafu vichaka vya juu ambako upepo haukuulizi umevaa nini. Mtu mzima mwenye pumzi nzuri anapanda saa tatu mpaka nne. Kisha anashuka. Watu wengi hawauhesabu mteremko, na huko ndiko magoti na vidole vya miguu hulia.

Mlima huo si wa mtoto wa miaka sita. Kutembea anaweza, huyo anatembea siku nzima kama anacheza. Asichoweza ni kutembea kwa saa ya mtu mwingine. Atasimama dakika ishirini kumtazama konokono, na wewe unatazama mawingu. Mtagombana kabla ya kufika kwenye mianzi.

Kwetu nyumbani tulipanga ngazi. Ya kwanza ni Lwiro, njia ya Katana. Kuna kituo cha utafiti ambacho Wabelgiji walianza kukijenga mwishoni mwa miaka ya 1940, na karibu nacho kuna makao ya sokwe na nyani yatima yaliyofunguliwa mwaka 2002, wanyama waliotolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi. Maporomoko ya Tshibati yako upande huo huo. Mtoto anatembea kidogo, analowa kidogo, anaona sokwe, anarudi na hamu. Ya pili ni Bugulumiza, kilima kilicho ndani ya paki, chenye njia ya kueleweka. Ukifika juu, upande mmoja unaona ziwa, upande mwingine Kahuzi na Biega, ile milima miwili ya volkano zilizozimika zamani, iliyoipa paki jina. Mwanangu wa mwisho alikipanda akiwa na miaka saba, akateremka akiimba. Ya tatu ndiyo Kahuzi. Kwangu ni miaka kumi na miwili, na awe ameshapanda Bugulumiza bila kubebwa hata hatua moja.

Na ngagi, yaani gorila? Hilo watakuuliza mapema, maana mtoto wa Bukavu akisikia "paki" anawaza ngagi. Jibu ni hapana mpaka atimize miaka 15, na mwambie ukiwa nyumbani, usingoje getini. Ngagi wanaambukizwa magonjwa yetu, na mafua ya mtoto, ambayo kwako ni kamasi tu, kwao yanaweza kuua. Kwa sababu hiyo wakubwa nao huvaa barakoa na kusimama mbali. Nilimwona mama mmoja pale Tshivanga akijaribu kumwongezea mwanawe miaka miwili. Gadi hakubishana naye. Alimgeukia mtoto akamuuliza yuko darasa la ngapi, na mtoto, kwa kuwa amelelewa vizuri, akasema ukweli.

Sasa viatu, ambako mimi naweza kukushika mkono.

Usimnunulie mtoto kiatu kipya kwa ajili ya mlima. Kiatu kipya kinapanda mlima mguuni mwa mtu aliyekizoea, na mtoto hajazoea kitu mpaka amekichakaza nusu. Mpe anachoendea shuleni kama soli yake ina meno, au mnunulie cha mitumba chenye soli nene wiki tatu kabla, akivae kila siku, mpaka sokoni, mpaka kisimani. Kukipima, mwambie asimame, apige ncha ya kiatu chini mara mbili ili vidole visogee mbele, kisha ingiza kidole chako cha shahada nyuma ya kisigino. Kikiingia bila kulazimishwa, kiatu kinamtosha. Kisipoingia, wakati wa kushuka kucha zitagonga mbele mpaka ziwe nyeusi. Vikiingia viwili, kisigino kitacheza, na kisigino kinachocheza ndicho kinachozaa lengelenge. (Lengelenge, si lengalenga ya mboga. Kila nikitamka neno hilo nyumbani, mdogo anauliza kama kuna bugali.)

Halafu pinda soli kwa mikono miwili kama unayekunja mkate. Tazama pale soli inapoungana na ngozi, mbele na pembeni. Ukiona mstari mweusi mwembamba, hiyo ni gundi iliyokufa. Hapa mjini kiatu hicho kitakaa miezi mingine mitatu. Kwenye matope ya Kahuzi kitakaa saa moja. Gundi peke yake haitoshi. Mwambie fundi azungushe uzi wa nailoni soli nzima, si mbele tu, na mletee siku kumi kabla ili mtoto apate muda wa kukivaa tena baada ya kushonwa, kwa sababu mshono mpya hubana.

Naisema hii kwa uchungu. Mwaka wetu wa kwanza Kahuzi nilishona viatu vya watoto wa mtaa mzima, vya msichana wangu nikaviangalia kwa macho tu. Tulikuwa katikati ya mianzi kiatu chake cha kushoto kilipofungua mdomo, kikaanza kula matope: pwaa, pwaa, kila hatua. Nilitoa kamba ya mfuko wa chakula, nikaizungusha chini ya soli na juu ya mguu mara nne, nikakaza fundo pembeni ili lisimguse kwenye mfupa. Kamba ilikatika mara mbili kabla hatujafika chini. Mama watoto hakusema neno njia nzima. Usiku, tumeshakula, ndipo akasema, "Kinyozi hajinyoi," na mpaka leo wateja wengine wananisalimia kwa methali hiyo. Tangu siku hiyo nabeba mita mbili za kamba ya nailoni, sindano nene, na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira ule ukiuvuta juu ya kiatu kilichofunguka unashika kuliko kamba.

Bote za mpira, zile za shambani, watu wananiuliza sana. Zinafaa kwa matope na zinazuia siafu, na utawaona wenyeji wakipanda nazo bila shida. Lakini kisigino cha mtoto kinaelea ndani yake. Kama huna kingine, mvalishe soksi mbili na umfunge kitambaa kifundoni. Soksi ziwe kavu na ziwe jozi mbili kwa kila mtoto, moja mguuni, moja ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Kucha zikatwe siku mbili kabla. Ukizikata asubuhi ya safari zinachoma. Na kamba za kiatu hufungwa mara mbili kwa siku: wakati wa kupanda legeza juu ili kifundo kikunjike, wakati wa kushuka mkalishe mtoto, msukume kisigino nyuma kabisa, kaza kuanzia katikati ya mguu kwenda juu. Dakika tano za kukaa hapo zinaokoa vidole kumi.

Mazoezi hayakugharimu franga hata moja, kwa sababu mji wetu wote ni mlima. Mwezi mzima kabla ya safari, kila Jumamosi, tunapanda kwa mguu kutoka Nyawera mpaka soko la Kadutu na kurudi, mtoto akiwa na mkoba wake mgongoni. Ukiona anapanda huku anapiga hadithi, yuko tayari. Akinyamaza, ongeza wiki mbili.

Njia: kutoka mjini unapita Mudaka mpaka Miti, hapo unaacha barabara ya Kavumu na kupinda kushoto. Ni kilomita kama thelathini hivi, lakini zisikudanganye. Barabara ndiyo inayoamua saa. Na kabla ya barabara kuna jambo ambalo mtu wa Bukavu hahitaji kufundishwa. Kuna miezi njia hii inapitika na kuna miezi haipitiki, na paki hii iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997, si bure. Usiamini habari ya wiki iliyopita. Uliza ofisi ya paki, kisha uliza shofa anayelala Miti, kisha uliza mama anayeuza mboga zinazotoka huko. Watatu wakisema sawa, nenda. Mmoja akisita, wapeleke watoto wakaogelee ziwani, mlima hauhami. Ndani ya paki hutembei peke yako kwa vyovyote. Unapewa gide na gadi. Wakaaji wa nchi hawalipi bei ya wageni, kwa hiyo uliza bei yako na ya watoto kabla ya kupakia watu garini.

Nendeni kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane. Hata hivyo mvua ya mlima haisomi kalenda. Hesabu baridi hivi: kila ukipanda mita elfu moja, joto linashuka kama nyuzi sita. Kilele cha Kahuzi kiko karibu mita 1,850 juu ya ziwa, kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 20 kando ya maji ni kama nyuzi 9 huko juu, kabla ya upepo na shati lililolowa jasho. Mtoto hatakuambia anasikia baridi, atakuambia amechoka. Mguse mikono. Ikiwa baridi na ananuna, mvue shati la ndani, mvalishe kavu, ndipo umvalishe sweta. Sweta juu ya shati bichi ni kazi bure. Pamba inakaa na maji; sweta ya sufu ya mitumba, hata kama ina maua ya bibi kizee, ni bora kuliko jinzi yoyote. Jinzi ziache nyumbani.

Chakula nitakipitia haraka, kila nyumba ina chake. Sisi tunabeba viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi, na sambaza (dagaa wa ziwani) za kukaanga kwenye karatasi, kavu kabisa, zenye chumvi. Maji ya kuchemsha, lita moja kwa kila mtoto na nusu ya akiba. Mpe kitu kidogo kila nusu saa kabla hajaomba. Maganda na mifuko vinarudi mjini, hata ganda la ndizi. Haja kubwa inafukiwa: mwombe gide panga, chimba shimo la kina cha sentimita 30 mbali na maji, funika vizuri. Mwambie mtoto ni kwa ajili ya ngagi, asipate minyoo yetu. Wangu wanachimba kwa bidii kuliko wanavyolima kwa bibi yao.

Msituni, mdogo anatangulia, nyuma ya gide. Nasisitiza hili kwa sababu sisi akina baba tunapenda kutangulia. Ukitangulia wewe, mwendo ni wako, na mdogo anakimbia nyuma nusu siku akiona matako ya watu. Akitangulia yeye, wote mnaenda mwendo wake, na anajiona mkubwa wa msafara. Mama au mtu mzima mwingine anafunga mstari.

Mwache azungumze na pisteri, wale wanaofuata nyayo za wanyama. Baadhi yao ni Batwa, na mambo wanayoyasoma kwenye jani lililovunjika hakuna shule itakayomfundisha mwanao. Mtoto wangu wa katikati alimuuliza mmoja, "Baba, ulijifunza wapi?" Yule mzee akasema, "Nilizaliwa hapa." Mtoto akadhani anatania. Nikalazimika kumweleza kwamba paki iliundwa mwaka 1970, kwa juhudi za Mbelgiji mmoja, Adrien Deschryver, na kwamba miaka ile ile Batwa waliokuwa wakiishi katika msitu huu walitolewa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akampa mzee yai lake. Usimnyime mtoto habari hiyo ukidhani ni ya wakubwa.

Siafu: suruali iingie ndani ya soksi, tangu garini. Mkivuka mstari wao, msisimame, ruka na uendelee hatua ishirini ndipo mjikague. Huyo huyo wa katikati alitoa suruali kwenye soksi kwa kuwa "haipendezi," akasimama juu ya mstari kumtazama mbega juu ya mti. Kwanza alinyamaza. Kisha macho yakamtoka. Kisha akaanza kucheza ngoma ambayo sijaiona kwenye harusi yoyote. Tulimvua suruali palepale, tukang'oa mmoja mmoja. Wengine kiwiliwili kinatoka, kichwa kinabaki kimeuma. Dawa yake ni kuvua haraka na kutocheka, na katika hilo la pili tulishindwa, hata gadi. Kuna pia majani yenye vinyweleo vinavyochoma kama moto. Mikono mirefu, na mtoto asishike kitu asichokijua.

Kwenye mianzi mwendo unabadilika. Mabua yaliyoanguka yanalala njiani yakiwa na utelezi, mengine yamefunikwa matope, na mguu mdogo unaingia katikati yake kama ufunguo. Mfundishe kukanyaga kati ya bua na bua, asikanyage juu ya bua. Fimbo moja kwa kila mtoto, inayomfika kwenye kiwiko akisimama. Huko chini ya mianzi ni giza hata saa nne asubuhi, na ukungu ukiingia sauti zinabadilika; watoto wadogo huogopa hapo na hawasemi. Tuimbe, nawaambia. Si wimbo wa kanisa wenye mistari mirefu, pumzi haitoshi. Wa kuitikia.

Saa ya kugeuka. Hii mnaipanga mkiwa chini, mbele ya gide, na mtoto aisikie: saa sita kamili, popote tulipo, tunageuka. Mwaka ule wa kiatu kilichofungua mdomo ilikuwa saa sita tukiwa tumeshatoka kwenye mianzi. Mlima uko wazi, kilele kinaonekana, gide anasema dakika arobaini. Msichana wangu, na kamba zake mguuni, akasema, "Papa, tumefika karibu." Nilitazama mawingu upande wa ziwa, nikatazama kiatu, nikasema tunageuka. Alilia kwa hasira mpaka kwenye mianzi. Mvua ilitukuta tukiwa bado tuna saa moja ya kushuka, na kwa saa hiyo moja nilimshika mkono kila hatua. Alipanda tena akiwa na miaka kumi na mitatu, akafika kileleni, na hakunishukuru kwa ile siku. Hata leo anadai tungefika.

Kuna sababu moja ya kugeuka hata kabla ya saa: kichwa. Kupita mita 2,500 watoto wengine huumwa kichwa, wanakataa chakula, wanatapika. Mtoto anayekataa ndizi na karanga anazozipenda hajashiba, anaumwa. Usimpe kidonge ukaendelea kupanda. Mshushe, na mara nyingi akishuka mita mia tatu au nne utasikia anauliza viazi viko wapi.

Mkifika garini, viatu vivuliwe hapo hapo, soksi kavu na kandambili. Angalia visigino na kati ya vidole. Lengelenge dogo ambalo halijapasuka liache lilivyo, funika kwa kitambaa safi. Viatu ukivifikisha nyumbani, usiviweke karibu na mbabula hata kama Jumatatu ni shule. Moto unakausha ngozi mpaka inapasuka na unaua gundi ile tuliyoihangaikia. Toa matope kwa kijiti, jaza magazeti ndani, badilisha magazeti asubuhi na jioni, weka kivulini penye upepo. Siku ya tatu vitakuwa vikavu. Paka mafuta kidogo, hata ya mawese yanafaa, ila mbwa wa jirani atavifuata.